Sera ya nywila inamgusa nani hasa?

Waraka ulikuwa na muhuri na saini ya mkurugenzi. Ukurasa wa nne ulitamka bila kificho kwamba kila mtumishi wa uhasibu atatumia nywila ya herufi zisizopungua 14. Afisa TEHAMA, binti mchapakazi ambaye kumbukumbu zake zilikuwa nadhifu kuliko za ofisi nyingi nilizowahi kukagua, akanifungulia mfumo na kunionyesha sera yenyewe. 14 ilikuwepo.

"Mzee, hapa tuko vizuri," akasema.

"Sawa, mwanangu. Sasa hebu uulize mfumo, mhasibu mkuu anafuata sera ipi?"

Akaandika amri, akabonyeza. Hakuna kilichorudi. Akahakiki tahajia ya jina, akabonyeza tena. Kimya.

Ilituchukua nusu saa kupata sababu. Mhasibu mkuu alihamia uhasibu kutoka idara nyingine miaka miwili nyuma. Akaunti yake ilihamishiwa kwenye folda ya uhasibu siku ileile aliyohama. Ila sera ya herufi 14 haikufungwa kwenye folda, ilifungwa kwenye kikundi, na kwenye kikundi hakuna aliyekumbuka kumwingiza. Kwa hiyo mtu anayeidhinisha malipo ya taasisi nzima alikuwa akiishi chini ya sera ya jumla, ile ya herufi saba, na waraka wenye muhuri ukisema vingine.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba siku hizi ndilo ninaloanza nalo. Watu wanaisoma sera, wanairidhia, wanaiingiza kwenye mfumo, kisha wanahesabu kazi imekwisha. Swali la nani yumo na nani hayumo haliulizwi. Nao mfumo hujibu swali hilo kwa amri moja tu.

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanya kazi. Ofisi nyingi zenye kompyuta za Windows hutumia Active Directory, daftari kuu la Microsoft ambamo kila mtumiaji, kila kompyuta na kila kikundi kimeandikishwa. Eneo linalotawaliwa na daftari hilo huitwa domeni. Enzi za Windows 2000 na Windows Server 2003, domeni moja ilikuwa na sera moja tu ya nywila kwa watumiaji wake wote. Aliyetaka mabosi au wahasibu wabanwe zaidi ya wengine alilazimika kujenga domeni ya pili. Windows Server 2008 ndiyo iliyoleta uwezo wa kuwa na sera kadhaa ndani ya domeni moja. Mwanzoni kuziandika kulikuwa mateso: muda wa nywila uliingizwa kwa vipande vya nanosekunde 100, tena kwa namba hasi, hivi kwamba siku 42 ziliandikwa -36288000000000. Sifuri moja ikidondoka, nywila za watu zinaanza kuisha muda kila baada ya siku nne. Windows Server 2012 ikaleta dirisha la kawaida la kujaza, na tangu hapo kutunga sera mpya ni kazi ya dakika tano.

Sera hizo za ziada haziifuti sera ya jumla. Ile hubaki chini kama mkeka, na kila asiyeguswa na sera maalumu huangukia juu yake. Usipoibadilisha, Microsoft imeiweka hivi: herufi saba, mchanganyiko wa aina zisizopungua tatu, kama herufi kubwa, herufi ndogo na tarakimu au alama, nywila iishe baada ya siku 42, na zile 24 zilizopita zisirudiwe. Kufunga akaunti baada ya kukosea mara kadhaa kumewekwa sifuri, yaani anayebahatisha anaweza kubahatisha mpaka achoke. Nywila kama Karibu123 inapita hapo bila shida. Ina herufi kubwa, ina ndogo, ina tarakimu, na urefu wake ni tisa. Anayejaribu kuingia kwenye mtandao wa ofisi yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa ataijaribu hiyo kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Sera maalumu inafungwa kwenye vitu viwili tu: akaunti ya mtu mmoja mmoja, au kikundi cha usalama cha aina inayoitwa "global". Haifungwi kwenye folda ya idara. Binadamu wa kawaida akitazama daftari anaona folda imeandikwa Uhasibu, ndani yake watu wa uhasibu, na anaamini kwamba wote wamo. Folda na kikundi ni vitu viwili tofauti. Folda inasema akaunti inakaa wapi, kikundi kinasema akaunti ni ya ukoo gani, na sera hufuata ukoo.

Kuna wanaozidisha kosa kwa kufungua Group Policy, chombo cha Windows cha kupangia masharti, wakaandika masharti ya nywila humo, wakayaunganisha na folda ya idara. Mfumo unakubali bila kulalamika. Kumbe masharti hayo yatazigusa akaunti za ndani za kompyuta zilizomo kwenye folda ile, zile zinazoishi ndani ya mashine yenyewe. Akaunti ambayo mtumishi anaingilia nayo kila asubuhi inatii sera iliyowekwa ngazi ya domeni. Nimeona taasisi iliyokaa miaka na masharti ya aina hii ikiamini imelindwa, wakati hakuna mtumishi hata mmoja aliyewahi kuguswa nayo.

Hata aina ya kikundi ina maneno. Unaweza kukiandika kikundi kisicho cha aina ya "global" kwenye orodha ya sera, jina lake likaonekana pale, na bado mfumo ukakipuuza unapotafuta nani anafuata nini. Orodha inasema yumo, utekelezaji unasema hayumo. Kwa sababu hiyo mimi siiamini orodha peke yake.

Na mtu mmoja akiwa kwenye vikundi vitatu vyenye sera tatu? Kila sera hupewa namba ya kipaumbele, na namba ndogo ndiyo inayoshinda: sera yenye 10 inaishinda yenye 20. Sera iliyofungwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu huzishinda zote zinazokuja kwa njia ya vikundi, hata kama namba yake ni kubwa. Wengi hudhani mfumo utachuma kilicho bora kutoka kila sera, urefu huku, kufunga akaunti kule. Hauchanganyi. Sera moja inashinda na masharti yake yote, nzuri na mbaya, na zilizobaki zinawekwa kando. Nimewahi kukuta mkuu wa TEHAMA aliyeingizwa kwenye kikundi cha mafunzo kwa muda wa wiki moja, akasahaulika humo. Sera ya mafunzo ilikuwa na namba 5 na urefu wa herufi nane. Sera ya wasimamizi, yenye herufi 16, ilikuwa na namba 10. Akaunti yenye nguvu kuliko zote pale ofisini ikawa inatii masharti ya darasani.

Basi ukaguzi una pande mbili. Upande wa kwanza unaanzia kwenye sera: unaiuliza, wewe umefungwa kwa nani? Amri yake katika PowerShell, dirisha la amri la Windows, ni Get-ADFineGrainedPasswordPolicySubject, ukiitajia jina la sera. Utapata watumiaji na vikundi. Kwa kila kikundi unatoa wanachama, pamoja na wale wanaoingia kupitia kikundi kilicho ndani ya kikundi kingine, kisha unailinganisha orodha hiyo na orodha ya watumishi kutoka kwa ofisa utumishi. Linganisha na orodha ya utumishi, si ya TEHAMA, kwa sababu unachokitafuta ni yule ambaye TEHAMA ilimsahau.

Upande wa pili unaanzia kwa mtu, nao ndio ninaouamini zaidi. Get-ADUserResultantPasswordPolicy, halafu jina la akaunti, na mfumo unakuambia sera iliyoshinda. Ndiyo amri iliyotuletea kimya siku ile.

Kimya hicho kina maana mbili. Kinaweza kumaanisha kwamba hakuna sera maalumu inayomgusa mtu huyo, kwa hiyo yuko juu ya mkeka. Kinaweza pia kumaanisha kwamba wewe unayeuliza huna ruhusa ya kuzisoma sera, maana kwa kawaida wasimamizi wakuu wa domeni ndio wenye ruhusa hiyo. Mfumo haukuambii umekunyima, unanyamaza tu. Ndiyo maana kabla ya kutoa hukumu, yule binti aliuuliza mfumo kuhusu akaunti ya mhasibu mwingine ambaye tulijua yumo kikundini. Jibu likaja, herufi 14. Hapo tukawa na hakika kwamba kimya cha kwanza kilikuwa kimya cha kweli. Fanya hivyo kila mara: uliza kwanza kuhusu mtu ambaye jibu lake unalijua.

Ukishajua sera ipi inamgusa nani, bado kuna akaunti zenye msamaha wake. Kila akaunti ina alama zake binafsi, na mbili kati ya hizo huishinda sera yoyote. Moja inasema nywila hii haina mwisho wa muda. Nyingine inasema akaunti hii haihitaji nywila kabisa, maana yake inaweza kuachwa wazi bila nywila na sera isiseme kitu. Alama hizi hupenda kukaa kwenye akaunti ambazo si za watu: ya printa, ya programu ya mishahara, ya kutunza nakala rudufu, ya fundi wa kampuni iliyomaliza mkataba. Akaunti hizo hazipati homa, haziendi likizo na hazilalamiki, kwa hiyo hakuna anayezikumbuka. Nyingi zina nguvu kubwa kuliko ya mkurugenzi.

Kisha kuna suala la wakati. Urefu na mchanganyiko wa nywila hupimwa siku nywila inapobadilishwa, si siku sera inapotangazwa. Ukipandisha urefu kutoka saba hadi 14 leo, nywila ya herufi saba iliyowekwa mwaka 2016 itaendelea kufungua mlango hadi mwenyewe aibadilishe. Kama akaunti hiyo ina alama ya kutokuisha muda, siku hiyo haitafika. Ukiuliza mfumo, utajibiwa kwamba akaunti inafuata sera ya 14, na jibu litakuwa sahihi. Kwa hiyo pamoja na jina la sera, toa na tarehe ambayo nywila ilibadilishwa mwisho. Tarehe hiyo ikiwa nyuma ya tarehe ya sera, mhusika bado hajaguswa.

Haya si mambo ya ofisi ndogo peke yake. Mwishoni mwa Novemba 2023, wadukuzi ambao Microsoft inawaita Midnight Blizzard na kuwahusisha na serikali ya Urusi walianza kubahatisha nywila, kwa majaribio machache, kwenye akaunti chache za kampuni hiyo hiyo. Waliingia kupitia akaunti ya majaribio, ya zamani, isiyo na uthibitisho wa hatua ya pili. Kutoka hapo walifika kwenye barua pepe za baadhi ya viongozi wakuu wa kampuni. Microsoft iligundua tarehe 12 Januari 2024. Kampuni iliyoandika Active Directory, yenye sera nzuri na wataalamu wengi, iliingiliwa kupitia akaunti moja ambayo ulinzi wa kawaida haukuifikia. Anayejaribu nywila namna hii hana haja na akaunti zenye ulinzi. Anapapasa mpaka apate ile iliyoachwa nje.

Wenye seva za Linux nao wana lao. Faili la login.defs ndilo linaloweka muda wa nywila, lakini masharti yake humgusa anayeandikishwa baada ya mabadiliko. Waliokuwepo kabla wanabaki na walichoanza nacho, mara nyingi siku 99999, ambazo ni zaidi ya miaka 270. Amri ya chage -l, ukiitajia jina, itakuonyesha hali halisi ya kila mmoja.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Zikivuja, waraka wenye muhuri hautatosha kuwa jibu. Utaulizwa akaunti iliyovunjwa ilikuwa chini ya sera ipi siku ile.

Wewe unayesimamia mtandao, nakuomba kesho asubuhi kabla ya foleni ya watumishi waliosahau nywila zao, uulize mfumo kuhusu akaunti tano: yako mwenyewe, ya mkurugenzi, ya mtumishi aliyehama idara karibuni, ya mtu aliyekwisha kuacha kazi, na ile ya kutunza nakala rudufu. Andika sera inayomgusa kila mmoja, alama zilizo kwenye akaunti yake, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha nywila. Yule binti alifanya hivyo jioni ileile, kwa akaunti zote za uhasibu. Kati ya watumishi 11, wanne hawakuwamo kikundini.