Muuzaji Akishakufa: Njia Nne za Kupata Hati ya Shamba, na Bei ya Kila Moja

Mwaka 2012 shangazi yangu alinunua robo tatu ya ekari karibu na Gede, Kaunti ya Kilifi, kwa shilingi 450,000. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi mbili zilizochanwa katikati ya daftari la mwanafunzi. Chini yake kuna alama ya dole gumba ya muuzaji, sahihi ya mzee wa kijiji na sahihi ya jirani. Pesa zilimalizwa mwaka huohuo, kwa awamu tatu. Ikabaki kwenda bodi ya ardhi, kumleta mpima na kubadilisha jina. "Tutaenda baada ya mvua," mzee aliyeuza akasema. Mvua zikapita, nyingine zikaja, na mwaka 2019 mzee akafariki. Karatasi zilikuwa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa plastiki wa enzi zile kabla mifuko haijapigwa marufuku.

Wakenya wengi wana mfuko wa namna hiyo. Mwenye shamba akishazikwa, kila mtu mtaani huwa na ushauri: nenda kortini, nenda kwa chifu, dai pesa zako, lima tu watachoka wenyewe. Mimi nilizunguka na shangazi ofisi hizo zote, na nilichojifunza ni kwamba njia ziko nne, bei zake zimeachana sana, na ile inayoonekana ya kidhalimu kuliko zote ndiyo rahisi kwa mfuko.

Kabla ya kuchagua, fanya upekuzi rasmi wa hati kwenye ofisi ya ardhi. Shabaha ni kujua jina la nani limeandikwa. Ikiwa marehemu alimiliki na mtu mwingine kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, sehemu yake huenda moja kwa moja kwa aliyebaki hai, tena bila mirathi. Utakuwa umepona: utazungumza na mtu aliye hai. Ikiwa jina ni la marehemu peke yake, endelea kusoma. Na kama ulipewa nguvu ya uwakili ya kawaida ili ushughulikie shamba kwa niaba yake, jua kwamba ilikufa siku aliyokufa yeye. Usiitumie.

Kuna pia njia ya tano ambayo sitaihesabu. Ni ile ya kijana anayesimama nje ya ofisi na kukuambia anaweza "kurudisha tarehe nyuma". Hiyo ni kughushi, na hati inayozaliwa hapo inaweza kufutwa hata baada ya wewe kujenga.

Njia ya kwanza ni warithi kufungua mirathi wenyewe na kukuorodhesha wewe kama deni la marehemu. Kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hakuna anayeruhusiwa kugusa mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi. Anayeigusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Safari huanza kwa barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Barua hiyo haifai kulipiwa. Kisha ombi huwasilishwa mahakamani, tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30, msimamizi huteuliwa, na kwa kawaida baada ya miezi sita mahakama huthibitisha uteuzi huo pamoja na mgawo wa mali. Msimamizi hana ruhusa ya kuuza ardhi kabla ya uthibitisho huo. Kwa hiyo hata familia ikikupenda vipi, usitarajie hati ndani ya mwaka huo wa kwanza.

Gharama za njia hii ni ada za mahakama, ambazo si kubwa, malipo ya wakili, ambayo mnapatana, na nauli za warithi. Hizo nauli usizidharau. Kwa shangazi, barua ya kwanza ya chifu ilimwacha nje binti mmoja aliyeolewa Taveta. Ndugu zake walidhani akishaolewa hahesabiwi. Sheria inamhesabu sawasawa na kaka zake, na mahakama ilipojua, shauri likaahirishwa, barua mpya ikaandikwa, na yeye akaletwa kwa basi kutia sahihi. Miezi minne ilipotea kwa jina moja.

Hapo ndipo kwenye dhuluma niliyoitaja. Mwana mkubwa wa marehemu alimwambia shangazi waziwazi: "Sisi hatuna pesa za korti. Ukitaka hati, lipa wewe." Shangazi alirudi nyumbani hakula siku hiyo. Alipe tena, yeye aliyekwisha kulipa? Lakini tulipoketi na kalamu, hesabu ilitoka upande wa yule mwana wa marehemu. Mnunuzi akibeba gharama za mirathi ya familia nzima, bado atakuwa ametumia kidogo kuliko kesi moja ya ardhi. Sharti ni moja: kabla hujatoa shilingi, warithi wote watie sahihi barua inayokubali kwamba marehemu alikuuzia, kiasi gani, na wapi. Na pesa zako zilipe ada na wakili moja kwa moja. Zisipitie mikononi mwa mtu.

Wenye asili ya Pwani wana kitu kingine cha kuwasaidia. Marehemu akiwa Mwislamu na warithi wake wakaenda kwa Kadhi, madeni hulipwa kabla ya mafungu. Neno "deni la maiti" lina uzito ambao barua ya wakili haina. Nimeona mjane aliyekuwa amekataa kufungua mlango akiufungua baada ya imamu kumkumbusha hilo. Ila kumbuka kwamba Katiba, Ibara ya 170, inaipa mahakama ya Kadhi mamlaka pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Mnunuzi asiye Mwislamu atapelekwa mahakama ya kawaida mara ugomvi utakapozuka.

Njia ya pili ni ya pale ambapo warithi wamekaa kimya. Hawakukatai, ila hawafungui mirathi. Sheria ina orodha ya wanaostahili kupewa usimamizi, kuanzia mjane au mgane na warithi wengine, na mwishoni kabisa wamo wadai. Wewe ni mdai. Unaweza kuwapelekea warithi wito wa mahakama kuwataka wakubali au wakatae usimamizi, na wakikaa kimya, ukaomba wewe. Wengi hushangaa kusikia hivyo, na mawakili wengine hawaitaji mpaka uulize. Tatizo ni kwamba ukiteuliwa unakuwa msimamizi wa mali yote, kuanzia mbuzi hadi akaunti ya benki, na utatoa hesabu yake mahakamani. Gharama hupanda, uhasama pia. Lakini nimesikia zaidi ya mara moja kwamba wito wenyewe ulitosha: familia ilipoona mgeni anataka kusimamia mali ya baba yao, walikimbia kufungua mirathi wiki hiyohiyo.

Ya tatu ni kushtaki. Hapa kuna jambo ambalo huwakwaza wengi: huwezi kumshtaki maiti. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya mtu aliyekwisha kufa ni batili. Lazima awepo msimamizi, hata kama ni wa muda, aliyeteuliwa kwa ajili ya kesi hiyo pekee. Kwa hiyo unalipia sehemu ya njia ya pili kwanza, ndipo uanze kulipia hii. Baada ya hapo kuna wakili, mashahidi, mpima wa kuchora ramani ya kipande chako, na miaka. Ukishindwa, unaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili.

Silaha ulizonazo huko si haba. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mauzo hayo ni batili kwa Sura ya 302. Zamani sentensi hiyo iliwamaliza wanunuzi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya wanunuzi 88 dhidi ya aliyewauzia, ilisema muuzaji aliyepokea pesa na kumwingiza mnunuzi shambani anaweza kuhesabiwa kuwa anamshikia amana, na mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ikaufuata mkondo huo. Kuna pia umiliki wa kukaa miaka 12 bila ruhusa ya mwenye hati. Kwa mnunuzi, miaka hiyo huanza kuhesabiwa alipomaliza kulipa. Shangazi alimaliza mwaka 2012 na amelima mihogo hapo tangu wakati huo, kwa hiyo wakili wake alimwambia anaweza kushinda kwa njia hiyo. Akamuuliza itachukua muda gani. Wakili akakuna kidevu. Shangazi akarudi kwenye njia ya kwanza.

Ya nne ni kudai pesa zako. Sheria ya bodi ya ardhi inasema mauzo yakibatilika kwa kukosa idhini, pesa zilizolipwa zinadaiwa kama deni. Madai ya mkataba huisha baada ya miaka sita. Lakini 450,000 za mwaka 2012 hazinunui leo hata nusu ya kipande kilekile. Njia hii inamfaa aliyelipa arubuni tu, hajaingia shambani, na alilipa juzi. Kwa mwenye nyumba na mnazi pale, ni kujipiga faini.

Sasa kuna gharama ambayo hukwepi kwa njia yoyote ile isipokuwa hiyo ya nne, nayo ndiyo iliyotuuma zaidi: ushuru wa stempu. Ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi iliyo ndani ya manispaa, na asilimia 2 nje yake. Thamani inayotumika ni ile ya mthamini wa serikali leo, si bei ya karatasi ya daftari. Tuseme kipande kilichonunuliwa kwa 450,000 sasa kinathaminiwa kwa 1,800,000. Ushuru wa asilimia 2 ungekuwa 9,000 wakati ule. Leo ni 36,000. Mji ukipanuka na kukimeza, asilimia 4 ni 72,000. Kila mwaka unaosubiri unalipiwa hapo. Wengine hudhani jina lao likiingia kwenye cheti cha uthibitisho pamoja na warithi, ushuru umeepukwa. Usipange bajeti yako hivyo: wewe ulinunua, hukurithi.

Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, na mdaiwa ni upande wa muuzaji. Mirathi isiyo na pesa itakutazama wewe. Ila ardhi ya mtu binafsi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3 imesamehewa, na vivyo hivyo shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji. Wanunuzi wengi wadogo wamo humo. Mtu akikuomba "pesa ya kodi ya faida" kwa robo tatu ya ekari ya kijijini, muulize kwa upole anaipeleka wapi.

Kama ulinunua kipande cha shamba kubwa, kama shangazi, ongeza mpima, idhini ya kugawanya na hati mpya. Na hakikisha cheti cha uthibitisho kinataja ukubwa wa sehemu yako na ilipo. Cheti kinachosema tu "mnunuzi apewe sehemu yake" kitakurudisha mahakamani kurekebishwa, na utalipa tena.

Uamuzi wangu basi ni huu. Warithi wakikubali kwamba ulinunua, wagharimie mirathi hata kama inakuchoma. Wakinyamaza, tuma wito. Wakikana kabisa na wewe umekaa shambani, shtaki, na uwe na pesa za miaka. Usipokuwa umeingia shambani na muda wa miaka sita haujaisha, chukua pesa zako. Katika yote, kuwa na wakili wako mwenyewe, si yule wa familia. Wakili mmoja kwa pande mbili ni rahisi siku ya kwanza tu.

Shangazi alipata hati yake baada ya miaka mitatu. Imeandikwa hekta 0.30, kwa jina lake. Ikiwa aliyekuuzia wewe bado anatembea, mpandishe bodaboda mwende bodi ya ardhi mwezi huu, hata kama kunanyesha.