Raleigh Kuukuu Haitaki Vifaa vya Kubahatisha

Wasomaji wa makamo yangu hapa pwani hawakosi kuikumbuka baisikeli ya Raleigh: nyeusi tititi, breki zake za fito, taa ya dinamo, na kengele ambayo ikilia penye kona ya mtaa watoto hupisha njia kabla hawajamwona mpandaji. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na yake. Alipofariki ikatiwa katika banda la kuku, na chumvi ya bahari ikafanya kazi yake miaka ishirini na zaidi.

Mwaka jana niliitoa. Nia yangu haikuwa kuitundika ukutani kama wafanyavyo wenye mahoteli. Nilitaka kuipanda.

Kutu niliilaza kwa mafuta ya taa, ikaanza kulegea siku ya tatu. Ile beji ya shaba ya mbele, yenye kichwa cha korongo, niliisugua kwa ukwaju kama mama zetu walivyokuwa wakisugua sinia, ikang'aa. Nilipofuta habu ya gurudumu la nyuma nikasoma Sturmey-Archer, kisha AW, kisha tarakimu 57. Kumbe wenye kiwanda kile walikuwa na desturi ya kupiga chapa ya mwaka juu ya habu zao! Sasa, kwetu nyumbani palikuwa na ubishi wa siku nyingi. Ami yangu alishikilia kwamba baba aliinunua kabla hajaoa. Mama akisema ni baada. Nao walioana mwaka 1956. Mama alipoambiwa habari ya chapa alicheka tu akaendelea kuchambua mchele wake. Ami hadi leo hajakubali. Adai habu ilibadilishwa.

Taabu ilianzia penye mhimili wa pedeli. Mhimili huo huzunguka juu ya gololi, na gololi hukaa ndani ya vikombe viwili vilivyokazwa kwa hesi, kimoja kila upande wa fremu. Fundi kijana niliyempelekea alikizungusha kushoto kikombe cha upande wa mnyororo, kama afunguavyo parafujo yoyote, akatia na nyundo. Masikini, hakujua kwamba upande ule hesi yake ni ya kinyume, hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Kwa hiyo muda wote ule alikuwa akikaza. Kikombe kikapasuka ukingo.

Tukanunua kingine dukani, kipya, kimefungwa katika karatasi ya mafuta. Kikaingia mizunguko miwili kikagoma. Kijana akaomba spana ndefu zaidi. Hapo nikaikokota baisikeli yangu hadi kwa fundi mzee ambaye zamani alikuwa akiitengeneza ya baba.

Mzee alikipitisha kidole kile kikombe kipya, akanirudishia. "Mwanangu, ungeitia nguvu hii, fremu ya babako ungeizika wewe." Akanieleza jambo ambalo sikulijua: baisikeli nyingi za Kiingereza zilikatwa hesi 24 kwa kila inchi, lakini Raleigh, katika kiwanda chake cha Nottingham, ilijikatia hesi zake 26. Kwa macho huwezi kuzipambanua. Ukilazimisha kikombe cha 24, chuma laini cha fremu huliwa, na fremu ikishaliwa haina dawa.

Vifaa vingine havikunisumbua sana. Tairi za inchi 28 kwa moja na nusu bado zatoka India, ila mnunuzi na asome ubavuni: zake huandikwa 635. Kuna tairi nyingine ziitwazo 28 pia lakini ni 622, nazo hazivaliki katika rimu hii hata ukizivuta kwa meno. Rimu ya nyuma ina matundu 40, ya mbele 32. Vya ndani ya habu vyapatikana, kwa sababu mwaka 2000 Sturmey-Archer ilinunuliwa na watu wa Taiwan wakaendelea kuvitengeneza. Lakini kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, na kikombe cha hesi 26 sharti kitoke katika Raleigh nyingine.

Nilizunguka kwa wenye vyuma chakavu wa Kongowea hadi nikachoka. Mwishowe nikaelekezwa kwa bibi mmoja wa Likoni, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa akichuuza madafu kwa baisikeli. Ilikuwa nyuma ya nyumba, fremu imekatika penye shingo. Haikuwa ya kupandwa tena, lakini nilipotaja bei bibi alinyamaza, nami nikaona haya kwa kutanguliza pesa. Kisha akasema, "Kikombe chukua. Kengele usiiguse." Pesa alikataa kabisa, nikampelekea sukari na unga siku ya pili.

Mzee alikitia kile kikombe kwa vidole vitupu, bila spana, kikaingia hadi mwisho. Sasa naendea baisikeli hiyo swala ya alfajiri, dinamo ikivuma gurudumuni. Kilichobaki ni ufito mmoja wa breki ya mbele, ule mfupi ulio chini ya usukani, ambao nimeufunga kwa waya kwa sasa. Msomaji aliye nao asiutupe; na aniandikie kupitia gazeti hili.