Kahawa Ikilipwa, Flati Zinapanda Bodaboda

Karagwe na Kyerwa, biashara ya runinga huenda na kahawa. Robusta huanza kuchumwa kuelekea Mei, huanikwa, hupelekwa chama cha msingi (AMCOS), na fedha za mnada zikishaingia benki au kwenye simu, maboksi mapana na membamba huanza kuonekana yamefungwa kwa mpira wa tairi nyuma ya bodaboda. Hutoka Kayanga na Omurushaka yakielekea Nyaishozi, Ihembe, Nkwenda, hata Mabira. Mwenye duka ambaye stoo yake haijajaa wakati huo huambulia wateja wa kukopa.

Hesabu ya mkulima haina mafumbo. Misimu michache iliyopita, kilo ya kahawa ya maganda ililipwa karibu Sh 1,200, kwa hiyo runinga ya inchi 32 ya Sh 300,000 ilitaka kilo 250. Kisha ukame ukaipiga Vietnam, mzalishaji mkuu wa robusta duniani. Septemba 2024 bei ya robusta katika soko la London ikapita dola 5,000 kwa tani, na katika minada ya Kagera kilo ya maganda ikavuka Sh 4,000. Runinga ile ile ikawa ya kilo 75. Kiwanda cha China hakikupunguza hata senti. Kilichobadilika ni mizani ya AMCOS. Ndiyo maana kaya nyingi zilizokuwa zikiikumbatia TV ya chogo, ile yenye mgongo mnene na uzito wa jiwe la kusagia, zilianza kuulizia inchi 43.

Ipo pia njia ya mkato, na haifai. Butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa mtu mwenye fedha taslimu, imepigwa marufuku na serikali kwa miaka mingi lakini haijafa. Anayechukua fedha za butura Februari ili aweke flati sebuleni huwa ameiuza kahawa yake kwa bei ya mwenye shida. Runinga ya laki tatu humgharimu pengine mara mbili, ila nusu ya pili haiandikwi kwenye risiti. Kikoba cha mtaani au mpango wa lipa mdogo mdogo una riba zake, lakini angalau riba hizo zinahesabika.

Mbali na kahawa, kinachouza runinga ni mpira. Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh bilioni 225.6, na tangu hapo mechi ya Simba na Yanga imekuwa hoja nzito kuliko zote katika mazungumzo ya mume na mke kuhusu bajeti. Kwa miaka mingi kibanda umiza ndicho kilichokata kiu hiyo: unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, unarudi nyumbani umepoteza sauti. Lakini kibanda kina mipaka yake. Kombe la Dunia la 2026 liliwekewa tarehe za Juni 11 hadi Julai 19 huko Marekani, Canada na Mexico, na kwa tofauti ya saa, mechi nyingi kwa Afrika Mashariki huangukia usiku mwingi hadi alfajiri. Si kila baba mwenye nyumba Kaisho yuko tayari kutoka saa tisa usiku kwenda kutazama mpira kibandani. Na siku hizo ndizo siku za mavuno.

Basi mteja anaingia dukani. Rafu imejaa Hisense, TCL, Samsung, LG, Star X na majina mengine ambayo hayakuwepo mwaka juzi na huenda yasiwepo mwaka kesho. Zote zimewashwa, zote zinaonyesha video ile ile ya maua na samaki wa rangi, zote zimewekwa kwenye mwanga wa juu kabisa. Kwa macho matupu dukani hakuna runinga mbaya. Kwa hiyo mnunuzi mjanja huacha kutazama picha, akaomba futi kamba ya fundi cherehani.

Inchi za runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, bila fremu. Inchi 32 ni sentimita 81. Inchi 43 ni sentimita 109 na ushee. Baadhi ya runinga za majina yasiyojulikana huandikwa 32 kwenye boksi wakati kioo hakifiki, na futi kamba humaliza ubishi huo papo hapo. Maandishi ya pembeni nayo yana ujanja wake. Boksi linaweza kutangaza 1080p kwa herufi kubwa, kumbe maana yake ni kwamba runinga inapokea picha ya kiwango hicho, huku kioo chenyewe kikiwa cha 1366 kwa 768. Kwa inchi 32 hilo si kosa kubwa. Mtu aliyeketi mita mbili na nusu mbali hataona tofauti ya maana. Kosa ni kulipia kisichokuwepo. Kuanzia inchi 43, ndipo inapofaa kudai 1920 kwa 1080 au zaidi.

Ukubwa nao una kiasi chake. Sebule nyingi za nyumba za matofali zinazojengwa sasa Bugene au Nkwenda, makochi yakishaingia, huacha mita mbili hadi tatu kati ya macho na ukuta. Kwa nafasi hiyo 32 inatosha, 43 inapendeza. Ile ya 55 inayoonekana ya wastani ndani ya duka lenye dari refu hugeuka ukuta wa pili nyumbani, na bei yake hupita milioni. Inchi 32 za chapa nafuu huanzia laki mbili na ushee. 43 ya smati ya chapa kubwa hukimbilia laki saba. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, na mwandishi wa makala haya angependa isemwe waziwazi dukani.

Hapo bado umeme, na umeme ndio unaoamua zaidi ya inchi.

Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya Kagera ililishwa umeme kutoka Uganda kupitia laini ya Masaka, kwa kuwa gridi ya taifa haikufika kona hii. Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni walizindua mtambo wa maji wa Kikagati–Murongo wa megawati 14 kwenye Mto Kagera, mlangoni kabisa mwa Kyerwa, unaogawanywa kati ya nchi mbili. Wakala wa Nishati Vijijini umepeleka nguzo hadi vijiji ambavyo miaka kumi iliyopita vilikuwa na koroboi tu, na gharama ya kuunganishiwa kijijini iliwekwa Sh 27,000. Kwa hiyo umeme upo. Shida ni tabia yake mwishoni mwa laini ndefu: hukatika, hurudi kwa kishindo, jioni hulegea.

Runinga za kisasa huvumilia umeme hafifu kuliko watu wanavyodhani, kwani nyingi huandikwa nyuma volti 100 hadi 240. Kinachoziua ni ule mshtuko wa kurudi. TV gadi, kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na runinga, husubiri umeme utulie kabla ya kuupitisha, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya runinga. Muuzaji asiyekitaja wakati anafunga boksi amefanya nusu ya kazi.

Radi ni habari nyingine. Ukanda wa Ziwa Victoria na milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na Karagwe imekaa katikati yake, juu ya vilima. Hakuna gadi linaloweza kuizuia radi iliyoshuka karibu. Misimu ya mvua, kuanzia Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, dawa ni kuchomoa: plagi ya runinga, plagi ya king'amuzi, na waya wa dishi uliofungwa nyuma ya king'amuzi, ambao wengi huusahau ingawa unatoka nje moja kwa moja juu ya bati.

Swali ambalo wateja huuliza kwanza, kwamba inakula umeme kiasi gani, lina jibu jepesi kuliko hofu yao. Runinga ya LED ya inchi 32 hutumia takriban wati 40. Ya 43, wati 80 hivi. Ikiwashwa saa sita kwa siku, ya pili hula uniti 14 na kitu kwa mwezi. Kaya iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh 100 kwa uniti, au Sh 122 pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo runinga hiyo hugharimu chini ya Sh 1,800 kwa mwezi. Kwenye kundi la kawaida la Sh 356 kwa uniti, inakuwa elfu tano na ushee. Pasi na jiko la umeme ndivyo vinavyoitoa kaya kwenye kundi la bei nafuu. Hata kifurushi cha chini cha king'amuzi huushinda umeme wa runinga katika kundi hilo, na king'amuzi hicho hulipiwa kila mwezi maisha yote ya kifaa.

Kuhusu matangazo, Karagwe ni nchi ya mabonde. Antena ya StarTimes inayoshika vizuri mgongoni mwa kilima inaweza isishike kitu kwa jirani aliye chini mita mia tatu. Ndiyo sababu madishi yametawala. Dishi la Azam huelekezwa magharibi, upande wa Rwanda, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki wakati Karagwe iko karibu na nyuzi 31. La DStv hutazama juu karibu utosini. Vilima vyenyewe haviyasumbui sana. Mgomba au mkaratusi ulioota mbele ya dishi tangu lilipofungwa ndio unaokata picha, na mvua kubwa huikata kwa dakika kadhaa hata fundi awe bingwa. Wapo wanaonunua runinga yenye king'amuzi ndani wakidhani wameepuka gharama. Hicho cha ndani hupokea chaneli za wazi tu. Mpira uliofungwa kwa kadi unabaki kwenye king'amuzi cha kampuni husika.

Smati TV je? Zile za bei ya chini mara nyingi zina Android isiyoidhinishwa na Google na kumbukumbu ndogo, kiasi kwamba baada ya mwaka YouTube hufunguka kwa kusitasita. Na intaneti ni ya bando la simu: saa moja ya picha za HD hula zaidi ya GB moja. Familia isiyo na intaneti ya kudumu inanunua kitufe ambacho haitakibonyeza. Sehemu ya USB inayosoma flashi yenye filamu na nyimbo za injili huwa na kazi kubwa zaidi katika nyumba nyingi za huku.

Kwa vitongoji ambavyo nguzo bado hazijafika, na vipo vingi, soko ni la sola. Runinga za volti 12 za inchi 19 hadi 32 hutumia wati chache sana na huunganishwa na betri moja kwa moja bila inveta, ambayo hupoteza sehemu ya umeme njiani. Kampuni za lipa mdogo mdogo huuza runinga na paneli kwa pamoja. Mteja akikosa kulipa, mfumo hujifunga kwa mbali; akimaliza, ni wake. Ukijumlisha awamu zote, bei huzidi ya fedha taslimu kwa kiasi kikubwa, lakini kwa mwenye kipato cha msimu ni njia isiyompeleka kwenye butura.

Runinga ikishaharibika, huishia kwenye meza ya fundi, na hapo ndipo tofauti ya chapa hujitokeza. Ugonjwa unaojirudia ni mmoja: sauti ipo, picha giza. Fundi huzima taa ya kibanda, humulika tochi ya simu kwenye kioo kwa ubavu, na picha hafifu huonekana ikitembea. Kioo ni kizima. Taa za nyuma ndizo zimekufa. Hulaza runinga kifudifudi juu ya blanketi, hufungua skrubu, hunyanyua kioo kwa watu wawili, huondoa karatasi nyeupe zinazosambaza mwanga, na chini yake hukuta vipande virefu vya taa vilivyopangwa safu. Taa moja ikiungua safu nzima hugoma. Runinga iliyoachwa kwenye mwanga wa asilimia 100 kama ilivyotoka dukani huzichoma mapema. Kuushusha hadi 60 kwenye menyu ni kazi ya dakika moja kwa rimoti.

Taa za chapa zinazouzwa sana hupatikana Bukoba au Mwanza. Za chapa isiyojulikana, fundi hulazimika kukata na kuunga za aina nyingine. Waranti husaidia pale tu mteja alipotunza risiti ya EFD, na kwa kawaida haigusi kioo kilichovunjika wala umeme uliozidi. Vituo vya huduma vya kampuni kubwa viko mbali, ng'ambo ya ziwa au Dar es Salaam. Kioo kikipasuka, mara nyingi kwa sababu boksi lililazwa chali kwenye bodaboda badala ya kusimamishwa, kipya hugharimu karibu sawa na runinga nzima. Fundi huwa hashauri kukibadilisha. Huinunua maiti hiyo kwa bei ya kutupa, akavua bodi ya umeme, spika na zile safu za taa, akaziweka kwenye boksi akisubiri mteja mwingine mwenye runinga ya chapa hiyo hiyo.