Mita Inaposoma Sifuri

Ankara moja ya umeme kwa chuo kizima inatosha kulipia deni, lakini haielezi kitu. Ndani yake mmechanganyika maktaba, mabweni, kantini, pampu za maji na friza za maabara. Ndiyo maana wahandisi husisitiza kila jengo liwe na mita yake, inayojirekodi kila saa au kila nusu saa. Wakuu wa vyuo wakishazinunua huona kazi imekwisha. Kwangu mimi, hapo ndipo inapoanza.

Hazina kubwa ya takwimu za aina hii iliyo wazi kwa umma ilichapishwa mwaka 2020 na timu ya watafiti iliyoongozwa na Clayton Miller wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore. Ina mita 3,053 katika majengo 1,636, mengi yakiwa ya vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini na Ulaya, yaliyosomwa kila saa kwa miaka 2016 na 2017. Sehemu ya takwimu hizo ilitumika katika shindano la kimataifa la kutabiri matumizi ya nishati mwaka 2019, na washindani wakagundua jambo la kufundisha sana: katika kampasi mojawapo, mita za umeme zilisoma sifuri tangu Januari hadi tarehe 20 Mei 2016. Majengo yale hayakuwa gizani. Kampasi hiyohiyo pia ilikuwa imeandikwa kwa kipimo kingine cha nishati, hivyo tarakimu zake zilizidi kilowati-saa halisi zaidi ya mara tatu.

Kwetu sifuri ina sababu nyingi zaidi. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta huwaka, na mita iliyofungwa upande wa gridi, kabla ya swichi ya kubadilisha chanzo, husoma sifuri huku jengo likiendelea kula dizeli. Huenda mtandao ndio uliokatika, kipimo kikafanyika lakini hakikufika kwenye kompyuta. Huenda kweli jengo lilifungwa. Kila hali inataka alama yake katika kumbukumbu, na pengo lisijazwe sifuri kamwe, kwa kuwa wastani utakaotokana nalo utalisifu jengo lisilostahili. Paneli za jua nazo zina mtego wake: Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kiliweka za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, na penye mfumo kama huo mita ya gridi hushuka mchana hata kama hakuna aliyezima taa.

Kosa jingine hufanyika siku mita inapofungwa. Kwenye nyaya nene fundi hutumia transfoma ya mkondo, tuseme ya 200 kwa 5, na uwiano huo lazima uingizwe kwenye mita. Akiingiza 100 kwa 5, jengo litaonekana linatumia nusu ya umeme wake, mchana na usiku, kwa miaka. Mchoro hautaonyesha kasoro yoyote. Dawa ni fundi kuja na kipimo cha mkononi, kulinganisha, na kuandika alichokiona pamoja na tarehe.

Takwimu zikiwa safi, mimi hutazama kwanza saa tisa usiku. Mzigo unaobaki saa hiyo ni wa friza, seva, taa za korido na viyoyozi vilivyosahauliwa. Chukua jengo linalovuta kilowati 20 kwa saa 10 za kila usiku: kwa mwaka ni uniti 73,000, bila mhadhara hata mmoja kufanyika. Friza yenye sampuli haizimwi. Kiyoyozi cha ukumbi mtupu kinazimwa. Ili kuvitofautisha, mchoro peke yake hautoshi; anahitajika mtu wa kuzunguka jengo saa hiyo akiwa na daftari, akiandika kila chumba kinachonguruma na kinachopoozwa humo, kisha orodha yake iwekwe pamoja na ukubwa wa jengo, kalenda ya masomo na joto la hewa la siku ile.