Baiskeli ya Mfanyakazi na Hesabu Yake

Mfanyakazi ambaye zamu yake yaanza saa kumi na mbili alfajiri hana haja ya kufundishwa thamani ya baiskeli. Wazee wetu walizijua Raleigh zilizotoka Nottingham, na waliowafuata wakazijua Phoenix za Shanghai. Na aliyekuwa nayo hakuihesabu kuwa pambo, bali miguu yake ya pili. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo lililoko Uingereza, ambako ndugu zetu kadha wa kadha hufanya kazi hospitalini, maghalani na katika nyumba za kutunzia wazee. Huko mfanyakazi aweza kuipata baiskeli kwa kupitia mshahara wake, na wengi huchagua ile ya mlimani, ya bei ya wastani, yenye springi mbele tu. Yatupasa kulitazama jambo hili pande zote: hesabu ya fedha, chuma chenyewe, na haki.

Mpango huo ulitokana na sheria ya fedha ya mwaka 1999. Mwajiri huinunua baiskeli, kisha humkodisha mfanyakazi, aghalabu kwa miezi 12. Mfanyakazi naye hukubali kupunguza mshahara wake kwa kiasi hicho kabla haujakatwa kodi ya mapato wala mchango wa Bima ya Taifa. Kofia ya kujikinga, taa na kufuli vyaweza kuingizwa humo pia. Sharti kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya baiskeli iwe ni safari ya kwenda kazini na kurudi, au safari za kazi yenyewe.

Na tufanye hesabu. Tuchukue baiskeli ya pauni 480, na mfanyakazi wa England alipaye kodi ya asilimia 20 na Bima ya Taifa ya asilimia 8, kama ilivyokuwa katika mwaka wa kodi 2025/26. Kila mwezi mshahara wake hupunguzwa pauni 40, lakini mfukoni hupungukiwa pauni 28.80 tu. Mwisho wa mwaka atakuwa ametoa pauni 345.60. Wengi hufurahi hapo, wakadhani mambo yamekwisha. La hasha! Baiskeli bado ni mali ya mwajiri, na nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Akitaka iwe yake, hana budi kuilipia kwa thamani yake ya wakati huo. Idara ya Kodi ina jedwali lake la mwaka 2010: baiskeli ambayo bei yake ya kwanza haikufika pauni 500, baada ya mwaka mmoja huhesabiwa asilimia 18, iliyofika pauni 500 au kuzidi, asilimia 25. Basi huyu wa pauni 480 ataongeza pauni 86.40, na jumla itakuwa pauni 432. Amepona pauni 48. Lakini mwenzake aliyevutwa na rangi nzuri akachukua ya pauni 520, atalipa pauni 374.40 kwa mwaka, kisha pauni 130, jumla 504.40. Amepona pauni 15.60 tu! Tofauti ya bei dukani ilikuwa pauni 40, na tofauti ya malipo imekuwa pauni 72.40. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Iko njia ya uvumilivu. Kampuni nyingi zinazousimamia mpango huu hukubali kurefusha ukodishaji hata mwaka wa nne bila malipo mengine ya kila mwezi. Kwa jedwali lile, baiskeli isiyofika pauni 500 huwa imebaki asilimia 3 tu. Yule wa pauni 480 atatoa pauni 14.40, na jumla yake yote itakuwa pauni 360. Hapo faida ni ya kweli. Walakini na ajue kwamba akiacha kazi kabla mwaka haujaisha, aghalabu kiasi kilichobaki hukatwa katika mshahara wake wa mwisho; na baiskeli ikiibwa, mara nyingi makato huendelea. Kwa hiyo asitie sahihi kabla hajausoma mkataba, na kufuli imara lisiwe jambo la kufikiriwa baadaye.

Sasa na tuitazame baiskeli yenyewe. Baiskeli za mlimani zilianzia katika vilima vya Marin, huko California, katika miaka ya 1970, kwa vijana walioteremka milima kwa baiskeli kuukuu. Ile ya springi mbele tu, ambayo fremu yake ya nyuma ni ngumu, ndiyo imfaayo mtu mwenye fedha chache. Maana springi ya nyuma huja na viungo na gololi zake, ambavyo huchakaa na kutaka fundi. Tena kwa bei ya chini muundaji hana budi kupunguza ubora wa kitu kingine ili aipate fedha ya springi hiyo. Afadhali vitu vichache vilivyo vizuri kuliko vingi vilivyo hafifu.

Jambo la kwanza ni kipimo. Fremu isiyolingana na kimo cha mtu haiponywi na kitu kingine chochote. Mnunuzi na aipande kwanza dukani. La pili ni breki: za sahani zinazotumia mafuta hukamata vizuri kwa nguvu ndogo ya kidole, hata katika mvua, na mvua ya Uingereza haimngoji mtu amalize zamu. La tatu ni gia: sahani moja ya meno mbele na msururu mpana wa gia nyuma yatosha, nayo ina vitu vichache vya kuharibika. La nne ni uma wa mbele: wenye springi ya hewa huweza kurekebishwa kulingana na uzito wa mpandaji, lakini katika bei hii aghalabu atapata wa springi ya chuma. Basi na autafute ule uwezao kufungwa usichezecheze barabarani, kwa kuwa springi inayonesanesa juu ya lami hula nguvu za mwendeshaji bure.

Tena na aangalie kama fremu ina matundu ya kufungia madigadi na keria, kwa maana huyu haendi kucheza milimani kila siku; aenda kazini na chakula chake na nguo kavu. Tairi za meno makubwa hufaa matopeni, lakini huvuma na kukawia juu ya lami. Akizibadili kwa zenye mgongo laini, baiskeli ile ile itakuwa nyepesi kama imezaliwa upya. Na asitumie senti yake ya mwisho dukani. Abakize fedha ya mnyororo mpya, vipande vya breki na viraka.

Tumekwisha sema juu ya fedha na chuma; limebaki la haki, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mkubwa wa ofisi alipaye kodi ya asilimia 40 na Bima ya Taifa ya asilimia 2, kwa baiskeli ile ile ya pauni 480 hupungukiwa pauni 23.20 kwa mwezi, wakati mbeba wagonjwa hupungukiwa pauni 28.80. Mwenye nacho huongezewa. Na yule afagiaye ofisi hiyo kwa mshahara wa kima cha chini cha sheria, hapati kabisa. Kwa kuwa makubaliano ya namna hii hayaruhusiwi kuushusha mshahara chini ya kima hicho. Sheria iliyowekwa ili kumlinda, hapa yamfungia mlango. Mwaka 2019 serikali ilitoa mwongozo uliorahisisha kupatikana kwa baiskeli za zaidi ya pauni 1,000, zikiwamo za umeme. Mlango wa juu ulipanuliwa. Wa chini ukaachwa vile vile.

Je, hakuna dawa? Ipo. Mwajiri aweza kumkopesha mfanyakazi fedha za baiskeli bila riba, na marejesho ya mkopo hayahesabiwi kuwa yamepunguza kima cha chini. Mkopo wa namna hiyo usiozidi pauni 10,000 hautozwi kodi. Mfagiaji hatapata nafuu ya kodi, lakini atapata baiskeli na muda wa kuilipa. Tena mwajiri huokoa mchango wake mwenyewe wa Bima ya Taifa kwa kila ajiungaye na mpango ule. Akiitumia akiba hiyo kuwasaidia wa chini, hatakuwa ametoa sadaka.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu walioko huko: pigeni hesabu hata mwaka wa nne, chagueni chuma kigumu na breki nzuri, na mkikutana katika vyama vyenu vya wafanyakazi, ulizeni kwa sauti moja: yule afikaye kwanza alfajiri kufungua milango, yeye aja kwa miguu hata lini?