Kimya si Ridhaa

Mficha uchi hazai, walinena wahenga. Methali hii ilinijia pale kamati ya wanafunzi wa bweni moja lililo karibu na Barabara ya State House, hapa Nairobi, iliponiomba niwasaidie kuandaa jioni ya mazungumzo juu ya afya ya uzazi na uhusiano wa kimapenzi. Ukumbi wa chakula ulikuwa umekwisha kuombwa, muuguzi amepatikana, na wenzao wa Kabete wameahidi kuja. Tangazo lao lilikuwa la Kiingereza kitupu, walitaka nilitafsiri.

Nilidhani ni kazi nyepesi. Vijana wetu hutaja viungo vya mwili kwa Kiingereza bila haya, kana kwamba ni mali ya watu wengine. Kwa Kiswahili huinamisha macho. Kwa Sheng huangua kicheko. Tangu UKIMWI ulipotangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, tumewafunza mengi kuhusu virusi. Lakini mtu aweza kuhudhuria mihadhara kumi, kisha akiwa faraghani na mwenziwe akakosa neno hata moja la kusema.

Si kwamba lugha yetu ni fukara. Makungwi wa pwani waliwafunda wari kwa Kiswahili, na tafsida ni adabu ya kusema, si amri ya kunyamaza. Neno tulilolihitaji zaidi jioni ile tunalo tangu zamani: ridhaa.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaeleza kwamba mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Aliyelala hana uwezo huo, wala aliyelewa hata asijitambue. Hata hivyo, wengi wetu tumelelewa na ule usemi wa siku za posa kwamba mwari akinyamaza amekubali. Usemi huo umehamishiwa chumbani, na huko unaangamiza. Adhabu ya ubakaji haipungui miaka 10 gerezani.

Basi tukaliandika tangazo upya kwa Kiswahili. Wavulana na wasichana waliketi pamoja, na maswali yakaandikwa kwenye vikaratasi visivyo na majina. Muuguzi alieleza kuwa aliyebakwa awahi hospitalini, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumiwa kabla ya saa 72 kupita.

Karatasi moja iliuliza: "Nitasemaje sitaki bila kuonekana nina dharau?" Ukumbi ulitulia. Nilijibu kama mwalimu wa sarufi: sitaki ni sentensi kamili. Ina nafsi, ina ukanushi, ina kitenzi. Haihitaji kuongezewa sababu wala kuombewa radhi. Nikawageukia wavulana: nanyi mnaijua sarufi hiyo.

Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake waliandamana katikati ya jiji hili kupinga mauaji ya wenzao. Mauaji hayakomeshwi kwa sarufi peke yake. Lakini enyi wazazi na wahadhiri wenzangu, kijana ambaye hakufunzwa kusema sitaki, na yule ambaye hakufunzwa kulisikia neno hilo, wote wawili wametoka mikononi mwetu.