Kikokotoo cha Zamani na Haki ya Hesabu

Kiirua, katika kaunti ya Meru, ni mji mdogo wa wakulima kaskazini mwa Mlima Kenya, na viazi ni miongoni mwa mazao yake makuu. Panapouzwa viazi kwa mifuko, kikokotoo cha mfukoni hakikosi kazi. Tuseme mkulima ameuza mifuko 36 kwa shilingi 1,800 kila mmoja. Jawabu ni 64,800. Lakini kila tarakimu ya kioo hujengwa kwa vistari saba, na cha katikati kikizimika, 8 husomeka 0. Mkulima atalipwa 64,000, na shilingi 800 zitapotea pasina mtu kukusudia dhuluma.

Vyombo hivi si vya jana. Busicom ya Japani ilitoa kikokotoo cha kiganjani mwaka 1971. HP-35 ya Marekani, yenye tarakimu nyekundu, ikafuata mwaka 1972. Mwaka 1973 Sharp ikaleta EL-805, ambayo kioo chake kilitumia umeme mchache mno. Kikokotoo cha zama hizo kilichosalia kabatini huenda kikaweza kufufuliwa.

Kwanza, ondoa betri. Fungua skrubu kwa bisibisi ndogo, nyingine zikiwa zimejificha chini ya vijimpira vya miguu, kisha tenganisha kifuniko taratibu ili nyaya zisikatike. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya betri ni alama ya betri iliyovuja. Vaa glavu, uusugue kwa pamba yenye siki kidogo, halafu futa kwa spiriti na uache pakauke. Kitufe kisichoitika huwa kimezibwa na vumbi, spiriti hukitosha. Vistari vikififia, tazama utepe wa mpira unaounganisha kioo na bodi: usafishe, uurudishe sawasawa. Nasi wa pwani tukumbuke kwamba hewa ya chumvi hula vyuma, basi chombo kisichotumika kihifadhiwe pakavu, bila betri ndani.

Akina mama, jihadharini na betri bapa mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, huweza kuunguza nyama ya koo kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe wala usingoje dalili. Mkimbize hospitali papo hapo. Betri kuukuu zifungwe kwa utepe na ziwekwe mbali na mikono midogo.

Baada ya kukifunga, kijaribu kabla ya kukiamini kwa deni la dukani, zaka au mirathi. Andika 11111111, zidisha kwa 8. Tarakimu zote nane ziwe 8 kamili, kila kistari kikionekana. Kisha gawanya kwa 8; zikirudi moja nane, kiko tayari kwa kazi. Ikitokea 8 moja tu kusomeka 0, 6 au 9, kifungue tena, wala usikitumie kwa mali ya mtu.